Gamba la kobe lina nini? Ulinganisho wa dalili na tiba kabla hujaingia duka la dawa

Kobe wa maji akionekana na doa jeupe mgongoni, wafugaji wengi wa Dar hukimbilia GV (ile dawa ya zambarau ya kupaka vidonda), mafuta ya nazi, au sindano ya duka la dawa za mifugo. Vyote vitatu vinaweza kumuumiza kobe ambaye hata hakuwa mgonjwa. Doa hilo linaweza kuwa chumvi ya maji ya kisima, kigae cha gamba kinachojiandaa kubanduka, au fangasi iliyoanza kula. La kwanza halihitaji dawa, la pili linahitaji jua, la tatu linahitaji dawa na subira ya wiki kadhaa. Hapa tumeyaweka bega kwa bega matatizo yanayofanana kwa macho, uyatenganishe kwanza, ndipo uchague cha kufanya.

Gamba ni mifupa. Ni mbavu na uti wa mgongo vilivyoungana na kutanuka, kisha juu yake pametandikwa vigae vyembamba vilivyotengenezwa kwa kitu kilekile cha kucha. Kati ya kigae na mfupa kuna tabaka la nyama hai, lenye damu na mishipa ya fahamu. Kwa hiyo kobe akisuguliwa kwa waya wa kusugulia masufuria anaumia, na akitobolewa ukingoni ili afungwe kamba, kilichotobolewa ni mfupa wake, na tundu lile hubaki mlango wa vijidudu kwa muda mrefu. Mafuta ya nazi nayo hulifanya gamba ling'ae siku moja, kisha hunasa vumbi na kufungia unyevu chini yake. Yaache jikoni.

Mswaki, kidole gumba na pua

Kabla ya kulinganisha chochote, safisha. Mshike kobe kwa mikono miwili ubavuni, kati ya mguu wa mbele na wa nyuma. Msugue kwa mswaki laini wa mtoto na maji vuguvugu bila sabuni, mkaushe kwa kitambaa, kisha mwache dakika 15. Ukoga wa kijani utaondoka hapo hapo, na chini yake utakuta gamba gumu lenye rangi yake. Huo si ugonjwa. Ni ishara kwamba maji yanapigwa jua na yana kinyesi na mabaki ya chakula kupita kiasi.

Kisha bonyeza kila kigae kwa kidole gumba, juu na tumboni, kwa nguvu ile unayotumia kupima kama embe limeiva. Gamba la kobe mkubwa mwenye afya halibonyei hata kidogo. Likibonyea lote kwa usawa, fikiria ukosefu wa kalsiamu. Likibonyea sehemu moja tu, yenye duara au mpaka usioeleweka, fikiria kuoza.

Mwisho tumia pua. Kobe anayekula dagaa ana shombo, na hiyo ni kawaida yake. Gamba lililooza lina uvundo, na mtu aliyewahi kuunusa hauchanganyi na shombo. Nusa karibu kabisa, hasa kwenye maungio ya vigae na ukingoni karibu na miguu.

Wapo kobe watakaokudanganya katika kipimo cha kubonyeza. Mtoto wa kobe wa miezi michache ana gamba linalolegea kidogo, na hukaza kadiri anavyokua. Kobe wa matope wa huku kwetu, wale wa jamii ya Pelusios wanaokunja shingo kwa pembeni, wana bawaba sehemu ya mbele ya gamba la tumbo. Kipande kile husogea na kujifunga, na wapo wanaodhani limevunjika. Kobe wa mawe, yule bapa kama chapati wa maeneo ya miamba, ana gamba jembamba linalobonyea kwa maumbile yake ili ajisukume ndani ya nyufa. Huyu wa mwisho hapaswi kuwa nyumbani kwako, tutafika huko.

Weupe wa aina tatu

Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi na chokaa. Kobe anapopanda kuota jua, maji yanakauka mgongoni na kuacha utando uleule unaouona ndani ya birika. Unakaa zaidi sehemu ya juu ya gamba, una ukwaru, na haufuati mipaka ya vigae. Akirudi majini unafifia, akikauka unarudi. Changanya siki nyeupe na maji kwa kiasi sawa, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika 3, futa, suuza vizuri. Chumvi itatoka. Usifanye hivyo penye kidonda. Ukiona imetoka, kazi imekwisha: hakuna dawa ya kununua. Kama inakukera, tumia maji ya bomba ya DAWASA yaliyokaa kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini ipungue.

Kigae kinachotaka kubanduka huwa cheupe cha kung'aa, karibu na rangi ya fedha, kwa sababu hewa imeingia chini yake. Weupe huo unafuata umbo la kigae kama ramani inavyofuata mpaka wa wilaya. Ukibonyeza, chini ni pagumu. Hakuna harufu. Kikitoka, kinatoka kizima, chembamba, chenye kupitisha mwanga kama ganda la kitunguu.

Fangasi haijali mipaka. Inaanzia popote na kuvuka mstari wa kigae hadi cha jirani. Mweke kobe kwenye bakuli la maji safi, mtazame kwa ubavu: ukiona nyuzi kama pamba zinayumba juu ya doa, umepata jibu. Nje ya maji doa linakuwa la unga au utando mlaini, na ukilikwaruza kidogo kwa kucha linamomonyoka, chini yake pakiwa na shimo dogo. Siki hailiondoi.

Tunasisitiza kipimo cha bakuli kwa sababu makosa mengi tunayoyaona yanaanza pale kigae cha kawaida kinapoitwa fangasi. Mwenye kobe hukibandua kwa kisu kabla ya wakati wake, nyama hai iliyo chini inabaki wazi, na baada ya wiki fangasi ya kweli inaingia.

Kubanduka kwa kawaida, na vigae vilivyogoma

Kobe wa maji anayekua, kama yule mwenye mstari mwekundu nyuma ya jicho anayeuzwa sana na wauza samaki wa mapambo, hubandua vigae vya zamani na kubaki na vipya. Wa nchi kavu habandui. Vigae vyake vinaongezeka unene mwaka hadi mwaka na kuacha pete. Ndiyo maana dalili ileile ina maana mbili. Kigae kikielea kwenye beseni la kobe wa maji, kitupe na uendelee na shughuli zako. Kigae kikimtoka kobe wa nchi kavu, kuna tatizo kubwa: maambukizi chini yake, au ameungua. Kuungua si jambo la ajabu huku, kwa sababu kobe hupenda kujificha kwenye lundo la majani ambalo mtu atalichoma jioni.

Kuna hali ya katikati: vigae vinavyotakiwa kutoka havitoki, vinajibana tabaka juu ya tabaka, gamba linakuwa nene na la rangi ya matope. Sababu inayoongoza ni kobe kutokauka kabisa. Anakaa kwenye beseni lenye jiwe moja dogo, nusu ya mwili iko majini saa zote. Tiba ni kumpa ubao au kigae cha sakafu kilicho kikavu, anapoenea mwili mzima, penye joto la nyuzi 30 hadi 33, akae saa 2 au 3 kila siku hadi akauke hata tumboni. Vigae vitatoka vyenyewe kwa muda wake. Hakuna kubandua kwa kucha, kisu wala kadi ya simu.

Kuoza kwa maji na kuoza kwa ukavu

Haya mawili ndiyo yanayoua, na kuyachanganya kunagharimu.

Kuoza kwa maji huwapata zaidi kobe wa maji, na kwa kawaida ni bakteria. Mwanzo wake ni mkwaruzo. Bwawa la saruji lisilopigwa niru (saruji laini ya kumalizia) vizuri husugua gamba la tumbo kama msasa. Maji yenye kinyesi hupeleka bakteria kwenye mkwaruzo ule. Kobe hana pa kukauka. Vijidudu vinashuka hadi mfupani. Utaona kigae kimeinuka kidogo, ukikibonyeza pembeni kinatoa majimaji ya rangi ya chai ya maziwa au yenye damu, na uvundo unafuata. Baadaye yanabaki mashimo yenye kingo laini.

Kuoza kwa ukavu huwapata zaidi wa nchi kavu, na fangasi huhusika sana. Hakuna majimaji. Gamba linakuwa na mabaka meupe au ya kijivu, linamomonyoka kama plasta ya ukuta uliopanda chumvi, hasa tumboni kwa kobe anayelala kwenye ardhi yenye unyevu wakati wa masika. Kuoza huku kunakwenda polepole, kwa miezi, na harufu ni kidogo au haipo.

Kuna dalili moja inayofuta ulinganisho wote huu. Gamba la tumbo likiwa na wekundu unaotapakaa chini ya vigae, kama mtu aliyevilia damu, na kobe amelegea au hataki kula, vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Acha kusoma dawa za kupaka, mpeleke kwa daktari leo.

Kama haijafika huko, dawa za kupaka ni hizi:

| Dawa | Kiasi | Inafaa kwa | Inapoharibu |
|---|---|---|---|
| Povidoni ayodini 10% | ml 10 ndani ya maji ml 90 | Kuoza kwa aina zote mbili, kila siku | Ikiwekwa bila kuzimuliwa huunguza nyama mpya. Usaha na uchafu huipunguza nguvu |
| Klorheksidini 4% | ml 5 ndani ya maji ml 395 | Kuosha bakteria, badala ya ayodini | Mabaki ya sabuni huibatilisha, isiguse macho, kobe asilowekwe wala kuinywa |
| Haidrojeni peroksaidi 3% | Mara moja, siku ya kwanza | Kutoa uchafu uliojikita shimoni | Ikitumika kila siku inaua nyama inayoota |
| Krimu ya salfadiazini ya fedha 1% | Utando mwembamba | Mashimo, baada ya kuosha na kukausha | Ikipakwa juu ya uchafu inaufungia ndani |
| GV | Tunaiacha | – | Rangi inaficha wekundu na ukingo wa kidonda |

Sisi tunachagua ayodini kwa kuosha na krimu ya fedha kwa kufunika. Ayodini ni rahisi kupatikana, inagusa bakteria na fangasi kwa pamoja, na rangi yake inakusaidia kupima: ikishazimuliwa inapaswa kuonekana kama chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikiwa nyeusi kama kahawa, ongeza maji. Tumia bomba la sindano la ml 10 au 20 kupimia, usipimie kifuniko cha chupa. Krimu ya fedha ni ileile wanayopewa watu waliounguzwa na moto. Klorheksidini ni nzuri vilevile, lakini soma chupa: zile zilizochanganywa na setrimaidi (cetrimide), kemikali nyingine ya kuua vijidudu, zinawasha zaidi, na chupa ya asilimia 2 inahitaji ml 5 kwa maji ml 195 tu. Dawa za kusafishia sakafu na zile zenye harufu kali ya fenoli zisikaribie kobe kabisa.

Kazi ya kila siku inakwenda hivi. Osha kidonda kwa maji ya chumvi vuguvugu: chumvi gramu 9 kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu cha kusawazisha. Ondoa kwa mswaki kile tu kilicholegea chenyewe. Weka shashi iliyoloweshwa ayodini juu ya kidonda kwa dakika 10. Kausha kwa shashi nyingine, subiri hadi pawe pakavu ukigusa, paka krimu. Bila kukausha hapo katikati, krimu inateleza na kuoza kunaendelea chini yake.

Abaki majini au akae nchi kavu?

Kwa kobe wa nchi kavu swali halipo. Kwa wa maji, swali hili lina uzito kuliko dawa gani umenunua.

Kumwacha majini huku ukimpaka dawa ni sawa na kupaka rangi ukuta unaovuja. Dawa inaoshwa ndani ya dakika chache. Tunashauri akae kwenye kavu saa 20 hadi 22 kwa siku, na saa 2 majini, kwa wiki 2 hadi 4. Saa hizo za maji ndizo za kulia na kunywa, kwa sababu kobe hawa hawawezi kumeza vizuri nje ya maji. Maji yafunike kichwa anapoinama. Anza na maji, kisha osha kidonda na upake dawa, ili dawa ipate siku nzima kavu.

Mtoto mwenye gamba chini ya sentimita 7 hawezi ratiba hiyo, atapungukiwa maji mwilini. Mpe majini dakika 90 asubuhi na dakika 90 jioni, na mkague macho: yakidumbukia, ongeza muda.

Boksi la kavu liwe na taulo nyeupe chini. Weupe ni muhimu: doa la njano au la waridi asubuhi linakuonyesha mahali hasa kidonda kinapotoa maji, hata kama kwa macho pameonekana pakavu. Badilisha taulo kila siku. Joto la kawaida la chumba Dar linatosha, ila usimweke chini ya kiyoyozi. Wakati wa masika, nguo zinapokataa kukauka, gamba nalo linakataa. Ning'iniza balbu ya joto sentimita 30 juu ya upande mmoja wa boksi, upande wa pili ubaki bila joto ili aweze kuhama.

Na funika kwa chandarua. Nzi wa Dar hawasubiri: kidonda kilicho wazi barazani mchana mmoja kinaweza kuwa na mayai ya nzi jioni, na funza kesho yake.

Dalili za kupona ni uvundo kuisha kwanza, kisha kingo kukauka na kukaza. Shimo lenyewe halijai haraka, na huenda kovu likabaki daima. Piga picha kila wiki, pembeni ukiweka sarafu ya shilingi 200 ili uone kama kidonda kinapungua au kinapanuka. Kumbukumbu ya macho hudanganya sana kwenye jambo linalokwenda polepole.

Gamba laini: jua au taa, chokaa ipi?

Gamba likibonyea kote kwa kobe aliyepita utoto, mfupa umeishiwa kalsiamu. Mara nyingi miguu ya nyuma inaburuzwa, taya linakuwa laini, na kingo za gamba zinajikunja juu. Ayodini haina kazi hapa. Kinachotakiwa ni kalsiamu tumboni na mionzi ya urujuanimno ya kundi B (UVB) mwilini, ili ngozi itengeneze vitamini D3 inayoruhusu kalsiamu ile kutumika. Kimoja bila kingine hakifanyi kazi.

Tukilinganisha jua na taa, kwa Dar jua linashinda kwa mbali. Jiji liko karibu na nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la saa 2 hadi saa 4 asubuhi, dakika 30 hadi 40, linatosha na ni bure. Taa maalumu ya mionzi hiyo ni ya kuagiza, hupungua nguvu ndani ya miezi 6 hadi 12 hata kama bado inawaka, na inazimika umeme ukikatika. Tungeichagua kwa anayeishi ghorofani bila kibaraza chenye jua, kwa mfano Upanga au Kariakoo, na hapo iwe umbali wa sentimita 20 hadi 30 kutoka mgongoni bila kioo katikati. Kioo huzuia karibu mionzi yote ya kundi B. Kobe anayekaa nyuma ya dirisha lililofungwa anapata joto tu, na balbu ya kawaida ya nyumbani ni hivyo hivyo.

Jua nalo lina hatari zake. Beseni jeusi lenye maji kidogo linaweza kumpika kobe ndani ya nusu saa, kwa hiyo nusu ya eneo iwe kivulini daima. Na kunguru: wale weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa mjini hubeba kobe wachanga au kuwadonoa macho. Weka wavu wa waya juu, si plastiki wala kioo.

Kwenye kalsiamu, majina yanachanganya. Maduka ya chakula cha mifugo huuza chokaa ya chakula cha kuku, ambayo ni kalsiamu kaboneti. Hiyo ndiyo unayotaka, kiasi cha ncha ya kijiko juu ya chakula mara 3 kwa wiki. DCP (unga wa kalsiamu na fosfeti) na unga wa mifupa zinakaa rafu hiyo hiyo, lakini zina fosforasi nyingi, na kobe mwenye gamba laini kwa kawaida ameshazidiwa fosforasi. Chokaa ya kupaka ukuta ni kitu kingine kabisa, inaunguza mdomo na utumbo. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa laini yanatosha kwa anayeanza. Lililo zuri kuliko yote kwa kobe wa maji ni mfupa mweupe wa dome, ambao wauza ngisi na dome pale Feri huutupa: uloweke maji baridi siku 2 ukibadilisha maji ili chumvi itoke, ukaushe juani, uuache uelee kwenye beseni. Kobe ataugegeda mwenyewe kwa kiasi anachohitaji.

Chakula kinaweza kuzifuta juhudi zote hizo. Nyama ya steki ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Dagaa mzima asiye na chumvi, pamoja na mifupa yake, ni bora mara nyingi. Kwa wanaokula majani, mchicha kila siku si mzuri kwa sababu oksalati yake hushika kalsiamu; changanya na majani ya mlonge na ya haibiskasi. Kisamvu kibichi kina sianidi, usimpe. Ugali, wali na mkate vinamshibisha tu.

Gamba huanza kukaza baada ya wiki kadhaa, na huchukua miezi. Umbo lililokwisha kupinda halirudi.

Nundu kama piramidi kwenye kila kigae cha kobe wa nchi kavu ni habari nyingine. Kama ni ngumu, ni alama ya utoto aliokulia kwenye ukavu mno na chakula cha kumkuza haraka; haziondoki na hazihitaji dawa. Kama zinabonyea, rudi juu, ni kalsiamu.

Ufa: gundi au kuacha wazi?

Kobe akidondoka kutoka ghorofani, akikanyagwa na bodaboda au akitafunwa na mbwa, wa kwanza kufika huwa na gundi mkononi. Usiitumie. Gundi hufunga vijidudu kwenye mfupa uliopasuka, na huingia ndani ya ufa ikazuia mfupa kuungana. Osha kwa maji ya chumvi yaliyoelezwa juu, funika kwa shashi safi, zungushia bandeji bila kukaza, mweke kwenye boksi kavu ndani ya chandarua. Asiingizwe majini hata kidogo, kwani mapafu yako moja kwa moja chini ya gamba la juu. Ukiona povu linatoka kwenye ufa anapopumua, gamba limefunguka hadi kwenye mapafu.

Alama za meno ya mbwa hata kama ni ndogo zinahitaji antibayotiki siku hiyo hiyo. Daktari ataunganisha vipande kwa waya au vishikizo na kuacha ufa uweze kuoshwa. Mfupa wa gamba unaweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kuungana.

Nyumbani, duka la dawa za mifugo, au daktari?

Nyumbani panatosha kwa chumvi, ukoga, vigae vilivyogoma, na mashimo mawili matatu madogo yasiyo na uvundo kwa kobe anayekula vizuri. Yote yanayobaki ni ya daktari, na shimo dogo lisiloonyesha nafuu ndani ya siku 10 linahamia kundi hilo.

Duka la dawa za mifugo ni zuri kwa chokaa na bomba la sindano. Kwa sindano zenyewe, hapana. Ivermektini, dawa ya minyoo na kupe inayopewa ng'ombe na mbuzi kila siku, huwapooza kobe na kuwaua hata kwa dozi ndogo. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba mnyama ni kobe, na kama anasema "ni ileile tu", ondoka. Sindano ya vitamini AD3E nayo, ikipimwa kwa makisio ya kuku au mbuzi, inaweza kumbandua kobe ngozi. Mwili wa kobe unafanya kazi polepole: seftazidimu, antibayotiki ambayo madaktari huitumia sana kwa wanyama wa aina hii, huchomwa mara moja kila saa 72. Dozi ya kila siku iliyonakiliwa kwa mnyama mwingine inalundikana.

Daktari akitaka kujua ni kijidudu gani hasa, sampuli inaweza kuoteshwa maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania upo Temeke. Kwa upasuaji mkubwa, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro.

Wapo wanaomficha kobe mgonjwa kwa sababu walimwokota porini. Kobe wa asili wa Tanzania wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwafuga kunahitaji kibali. Kobe wa mawe ana ulinzi mkali zaidi, hadi wa kimataifa. Ukimkuta amejeruhiwa, wataarifu maofisa wanyamapori badala ya kumtibu kwa siri kwenye beseni.

Unapokwenda kwa daktari, mbebe kwenye boksi lenye taulo kavu, bila maji. Chukua picha za kila wiki, uzito wake wa leo kwa gramu, chupa ya kila dawa uliyokwisha kumpaka, na maji ya beseni lake kwenye chupa safi ya nusu lita. Sakafu ya saruji au mawe anayokanyaga, vipige picha pia. Mkirudi nyumbani, osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika watoto au sufuria, maana hata kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na maji yake yamwagwe chooni, si kwenye sinki la jikoni.